Nassibu Mpiga Mbiu Aliyekatazwa Kuitaja Tanga

Na huyo aliyesema juzi pale barazani Cheyo kwamba Nassibu ndiye aliyetukosesha mazishi ya Bi Mwanahawa, arudie tena mchana, mbele ya watu, tumwone uso. Eti "angefyata ulimi wake, mji ungekuwa na mpiga mbiu mpaka leo." Angefyata! Wewe ulifyata wako, umepata nini? Bi Mwanahawa, mwanamke aliyesuka mikeka ya nusu ya nyumba za mji huu, amezikwa na watu kumi na wanne, na wengine kati yao walikuwa wapita njia, kwa sababu hakuna aliyesikia pembe. Hilo kweli. Lakini pembe haikunyamaza kwa uzee wa Nassibu, wala kwa kiburi chake. Pembe imefungiwa kabatini katika ofisi moja ya mjini, ofisi ambayo hatuitaji na wote mnaijua, na ufunguo wa kabati uko mfukoni mwa karani Modest. Mkitaka kulaumu, laumuni huo mfuko.

Sasa sikilizeni mambo yalivyokuwa, maana naona kila mtu ana lake, na wengi hawakuwepo.

Nassibu sauti yake mnaijua, lakini yeye mwenyewe wachache wanamjua. Ni mtu mfupi, mweusi ti, shingo nene kama mchi, kanzu yake moja ya Ijumaa na kaptula mbili za siku nyingine. Alizaliwa kabla ya vita vya Mjerumani, katika nyumba za udongo zilizo kando ya ile njia ya zamani ya misafara, ukitoka Tabora mjini kwenda Kwihara. Babu yake alikuwa kirangozi. Nyinyi vijana mnaovaa suruali za pasi hamjui kirangozi ni nani. Ni yule mtu anayetangulia msafara mzima, wapagazi mia tatu nyuma yake, na pembe begani. Akipiga, watu wanaamka. Akipiga tena, wanajitwisha. Babu huyo alikwenda Bagamoyo na kurudi mara saba kwa miguu yake, na pembe aliyokuwa nayo, pembe ya tandala iliyojisokota, ndiyo hiyohiyo iliyoko kabatini leo.

Baba yake Nassibu alibebeshwa mizigo na Mjerumani, akatekwa, akabebeshwa na Mwingereza. Mzigo uleule, kichwa kilekile. Nassibu mwenyewe alipata akili akasema yeye habebi cha mtu kichwani, akapanda gari la moshi kwenda Tanga kukata mkonge. Miaka mitatu! Alirudi na kovu la mwiba juu ya jicho la kushoto, na ujuzi wa kutukana kwa Kizigua, ambao alifundishwa bure na watani wake.

Aliporudi ndipo alipoombwa kupiga mbiu ya mji. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na mbili. Mtoto amepotea, Nassibu. Chanjo ya ng'ombe, Nassibu. Maji ya bomba yatakatwa, mtu amefariki, simba kaonekana njia ya Usoke, yote Nassibu. Hajui kusoma hata herufi ya jina lake. Ofisi inamsomea maneno mara mbili, yeye anafumba macho, anatikisa kichwa, basi, ameyabeba. Alipoulizwa na mkewe, Mwanajuma, anawezaje kukumbuka tangazo refu vile bila karatasi, alimweleza kwamba maneno anayapanga kama mizigo. Anawaweka wapagazi kwenye mstari kichwani mwake, watu wa kweli, wale aliokata nao mkonge, na kila mmoja anamtwisha neno lake. Wa kwanza anabeba siku. Wa pili anabeba mahali. Wa tatu anabeba jambo lenyewe. Akifika pembeni pa soko anawapitisha mmoja mmoja, wanatua mizigo, watu wanasikia. Hajawahi hata siku moja kumwacha mpagazi njiani.

Na ana sheria yake, aliyoachiwa na babu: ulichopewa, kifikishe chote. Usipunguze, usiongeze. Na pembe ikipigwa, maneno yanayofuata ni ya aliyekutuma. Pembe ikiwa chini, maneno ni yako mwenyewe.

Shikeni hapo. Pembe ikiwa chini, maneno ni yako mwenyewe.

Mwaka huu wa hamsini na nane ukaja uchaguzi. Nani aliyewaambieni mkajiandikishe? Nassibu. Nani aliyezunguka jua la saa nane akiwaeleza kwamba kila mpiga kura atie alama tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mhindi, moja kwa Mzungu, na mwenye kutia moja tu kura yake imeharibika? Nassibu! Wengine mlikuwa mmeapa kutia moja tu kwa hasira. Alirudia mpaka koo likatoka damu. Akakaa siku mbili akinywa asali na maji ya moto, siku ya tatu akarudi barabarani.

Kisha siku ya kujiandikisha akaenda yeye mwenyewe. Akavaa kanzu ya Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Karani Modest alikuwa mezani.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi, mzee?"

"Darasa la mkonge. Nimemaliza yote matatu."

Watu kwenye foleni wakacheka. Modest hakucheka.

"Una mapato yaliyoandikwa kwenye sheria?"

"Mapato yangu unayajua wewe, maana ndiye unayenilipa. Kama hayatoshi, tatizo la nani?"

"Basi huna sifa. Pisha wengine."

Nassibu akapisha. Aliwaita watu wa mji mzima wakapige kura, na yeye kura hana. Siku ya kupiga alisimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi, akiwatazama walioingia na kutoka, na kila aliyetoka alimuuliza jambo moja tu: "Umetia tatu?" Akijibiwa ndiyo, anashika kifua chake na kusema, "Ahsante." Mwanajuma alimletea uji hapo, akamkuta machozi yanamtoka, akajifanya hakuona. Baadaye alimwambia, "Baba Shomari, rudi nyumbani ule kivulini."

"Nisubiri nini nyumbani? Kura yangu sina. Nilichonacho ni hili koo. Siku matokeo yakitoka, nitayasema mimi. Hapo ndipo nitakapokuwa nimepiga."

Hilo ndilo alilolitaka. Hakutaka kiti wala picha yake gazetini. Alitaka ayatangaze matokeo kwa pembe ya babu yake, yote, ya huku na ya kule, kama yalivyo. Huyo ndiye mtu mnayesema ana kiburi.

Kura zikahesabiwa. Siku zikapita, hakuna neno. Halafu Anselm akaja. Anselm ni gadi wa treni, kijana wa Usoke, Mkatoliki, mpole kuliko kazi yake. Aliteremka na gari la Dar es Salaam saa tano asubuhi, hata koti la reli hajalivua, akaenda moja kwa moja kwa Nassibu. Kifuani amekunja gazeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hamlishwi huko garini?"

"Mzee, yametoka. Majimbo yote yaliyopiga. Yako humu."

Nassibu akaketi chini. Akafumba macho. "Soma. Polepole. Usiruke."

Anselm akasoma. Jimbo la Tanga. Jimbo la Kaskazini, yaani Moshi na Arusha huko. Jimbo la Mashariki, Morogoro na jirani zake. Nyanda za Juu za Kusini, Iringa na Mbeya. Na letu la Magharibi. Kila alipofika kwenye jimbo alisoma majina ya waliopata, na kila mahali neno likawa lilelile: watu wa TANU na wale waliosimama na TANU wamechukua. Tanga wamechukua. Kaskazini wamechukua. Anselm alisoma kwa kituo, kama mtu anayesoma misa kwa mara ya kwanza.

"Rudia Tanga," Nassibu akasema, macho bado yamefumbwa.

Akarudia.

"Rudia tena."

"Mzee, mbona Tanga peke yake?"

"Nimepanga watano. Wa Tanga ndiye anayetangulia, na mzigo wake unaniyumbisha. Nilikula mwiba kule, mwanangu. Msimamizi alikuwa akitupigia filimbi kama mbwa. Rudia."

Alirudia mara ya tatu. Wapagazi watano wakawa tayari kwenye mstari. Nassibu akainuka, akachukua pembe, akaenda ofisini, kwa sababu bila ofisi hakuna mbiu, na yeye si mtu wa kuvunja utaratibu. Kumbukeni hilo mnapomwita mkorofi.

Modest alikuwa na karatasi yake tayari. Akasoma: "Matokeo ya uchaguzi wa Jimbo la Magharibi yamebandikwa kwenye ubao wa ofisi. Wenye kujua kusoma wasome. Wote waendelee na kazi zao kwa utulivu."

Nassibu akangoja. "Endelea."

"Nimemaliza."

"Na Tanga? Na Moshi? Watu watauliza. Mji huu kila nyumba ina mtu mkongeni."

"Tanga wana mpiga mbiu wao."

"Lakini gazeti limesema. Hata redio ya yule Mhindi wa duka la vitambaa imesema, nimeisikia kwa masikio yangu nikipita."

Modest akaweka kalamu chini. Huyu Modest si mtu mjinga, na hilo ndilo linalouma. Amesoma, baba yake alikuwa mkulima wa Ziba, mtu wa ng'ombe tisa na jembe. Akasema taratibu, kama anamweleza mtoto: "Mzee, kila jimbo na lake. Jimbo moja moja ni habari. Ukiyapanga yote pamoja ukayapigia pembe sokoni, hiyo ni fujo. Maagizo yametoka juu. Ukitaja Tanga, hiyo pembe inabaki hapa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa mara mbili," Nassibu akajibu, akatoka.

Akaenda kufanya nini? Akatangaza tangazo la ofisi! Neno kwa neno, kona zote kumi za mji, hakupunguza, hakuongeza. "Wenye kujua kusoma wasome." Na kila alipotua, watu walimzunguka: Nassibu, na kule je? Mwanangu yuko Korogwe, Nassibu. Ndugu yangu yuko Arusha, wamepata au wamepatikana? Mzee mmoja alimshika mkono akamwambia, "Ubao niliuona, baba, lakini mimi ubao naujua kwa kukalia tu." Nassibu alikuwa na habari zote kichwani, wapagazi watano wamesimama na mizigo, shingo zinawauma, na hawezi kuwaambia tueni. Mwenye kujua kazi yake atajua hayo ni mateso ya namna gani.

Akafika sokoni, mahali pa mwisho. Akapiga pembe. Akasema maneno ya ofisi. Kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya miaka ishirini na mbili. Akaiweka pembe chini, juu ya kipande cha gunia, akarudi nyuma hatua nne, kila mtu anaona. Mikono mitupu.

Mbele yake palikuwa na Tatu. Tatu muuza vitumbua, Mzigua wa Handeni, aliyeletwa hapa na mume wa reli na mume akafa, yeye akabaki. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara, hilo halihitaji kuelezwa. Babu zetu walipita kwao, walilala kwao, walizikana. Mtani anaweza kukuvua kilemba msibani, akaketi juu ya jeneza la baba yako mpaka apewe chake, na huwezi kumpeleka popote. Ukimshitaki mtani wako, unacheka peke yako.

Nassibu akamtazama Tatu, akamwambia kwa sauti ya mbiu, ile sauti inayofika stesheni: "Wewe Mzigua! Nyinyi mnaokula mbegu kisha mnailaumu mvua!"

Soko likageuka. Tatu hakukawia hata kupepesa jicho. Akaweka mwiko chini, mikono kiunoni.

"Ndiyo, Mnyamwezi kichwa bapa! Bado unautafuta mzigo? Nikutwishe kinu?"

"Nitwishe, lakini kwanza nikupe aibu yako. Ndugu zako wa Tanga, wale waoga, wale wanaokimbia kivuli cha kichuguu, leo wamekuwa wanaume!"

"Wamefanya nini?"

"Wamechagua! Watu wa TANU Tanga nzima! Nani kawafundisha? Si sisi? Mkutano mkubwa wa mwezi wa kwanza ulikaa wapi? Hapa! Neno la kutia kura tatu lilikatwa hapa Tabora, mkalichukua mkakimbia nalo kama kuku kaiba mkia wa samaki!"

Soko likalipuka. Tatu akacheka mpaka khanga ikamtoka begani, lakini alikuwa ameshaelewa. Mwanamke yule ana akili kama wembe. Akaipandisha sauti.

"Wewe, Mnyamwezi, usinidanganye! Kama Tanga wamechukua, Wachaga je? Wale hawaachii hata ndizi iliyooza, wataachia kiti?"

"Wachaga walioko Moshi na wenzao wa Arusha wamechukua vilevile! Jimbo zima la Kaskazini! Wameacha kuhesabu ndizi, wamehesabu watu!"

"Uwongo! Na Waluguru wa Morogoro, wanaolala mlimani na mbuzi?"

"Wameteremka mlimani! Mashariki imekwisha!"

Hapo dalali mmoja wa ng'ombe, Mgogo, akapaza sauti toka nyuma, "Na Wahehe?" na Nassibu akamjibu kwamba Wahehe wa Iringa na watu wa Mbeya nao wamechukua, na sisi wa Magharibi vilevile, na kwamba yeye Mgogo anyamaze maana jimbo lake bado halijapiga, litapiga mwezi wa pili, na wakilala wakati huo watatukanwa mpaka na mbuzi wao. Watu walikuwa wamepanda juu ya magunia. Akina mama wameacha biashara zao. Na kila jimbo lilipotajwa, mtu fulani mahali fulani alipiga kelele, kwa sababu kila jimbo lina mwana wa Tabora anayetoa jasho huko. Yule mzee wa ubao alikaa chini katikati ya viazi, akarudia peke yake, "Korogwe iko Tanga. Korogwe iko Tanga."

Wapagazi wote watano walitua. Nassibu alihema kama aliyevuka mto.

Ndipo Modest akaingia na askari wawili. Hakumgusa Nassibu. Alikwenda kwenye gunia, akaiokota pembe, akaikumbatia kwa mkono mmoja kama mwizi wa kuku.

"Nilikuambia."

"Uliniambia nisiipigie Tanga pembe. Pembe ilikuwa chini. Waulize."

"Utajieleza barazani."

"Nitajieleza. Lakini unavyoishika hivyo unaivunja. Ishike kwenye shingo yake."

Baraza lilikaa siku ya tatu yake. Hakimu ni mtu mzima wa mji huu huu, ndevu nyeupe, mkimya, na uwanja ulijaa mpaka nje. Modest akasoma shitaka: kutangaza mbiu ya mambo ya siasa bila kibali.

"Alipiga pembe?" hakimu akauliza.

"Alipiga kwa tangazo la ofisi."

"Na kwa hayo mengine?"

"Pembe ilikuwa chini, lakini sauti ilikuwa ya mbiu."

"Mtu mwenye sauti kubwa afanyeje, akaazime ndogo?"

Watu wakaguna. Hakimu akainua kidole, kimya.

"Alisema nini hasa?"

Modest akatazama karatasi. "Alisema Wazigua wanakula mbegu. Alisema Wachaga wameacha kuhesabu ndizi. Alisema..." Akasita, maana uwanja mzima ulikuwa umefunika midomo. "Alisema kwamba wamechukua viti."

"Huyo mwanamke aliyetukanwa yuko?"

Tatu akasimama nyuma. "Nipo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Amekuudhi?"

"Huyu? Huyu ni mzigo wangu, mzee. Akifa nitamlaza kifudifudi mpaka wanipe jogoo. Lakini kuniudhi, bado hajafika umri huo."

Hapo hata askari alicheka. Hakimu akafuta macho kwa pindo la joho.

"Karani, nani analalamika hapa?"

"Ofisi inalalamika, mzee."

"Ofisi ni mtani wa nani?"

Hakimu akasema kwamba yeye ameketi pale miaka mingi, na baba yake aliketi kabla yake, na hakuna siku baraza lilipokata kesi ya utani, na hataanza yeye. Kesi imetupwa. Vigelegele vikapigwa mpaka njiwa wa paa wakaruka.

Sasa mnadhani yamekwisha. Wengi mlikwenda nyumbani mnadhani yamekwisha, ndiyo maana mnasema upuuzi barazani. Hamkumfuata Nassibu ofisini mchana ule alipokwenda kuchukua pembe yake. Mwanajuma alikuwepo, na Anselm alikuwepo, na walisikia kila neno.

Modest alifungua kabati. Pembe ipo. Akamwonyesha sehemu pana, kuna namba ya rangi nyeupe, iliyoandikwa mwaka ule ofisi ilipoandika namba kwenye vitu vyake vyote, viti, ndoo, mafagio.

"Hii imeingia kwenye orodha ya vifaa. Mali ya ofisi."

"Nilikuja kazini nayo. Babu yangu alikwenda nayo Bagamoyo kabla ofisi haijajengwa."

"Namba iko hapa."

"Nikimpaka mbuzi wa baba yako rangi, amekuwa wangu?"

Modest akashusha sauti. Hapo akawa kama binadamu kidogo, na pengine hilo ndilo baya zaidi. "Mzee, sina ugomvi na wewe. Na mimi nilitia alama tatu, kama ulivyotuambia. Lakini nina watu juu yangu. Hii hapa karatasi. Inasema hutatangaza habari za majimbo mengine, kwa pembe wala kwa mdomo, kwa utani wala kwa kweli. Tia dole gumba, uchukue pembe, urudi kazini kesho. Mwezi wa pili majimbo yaliyobaki yanapiga, Mwanza, Dodoma, Lindi huko. Hatutaki mambo ya sokoni tena. Dole gumba tu."

Wino uko mezani. Pembe iko mezani. Mwanajuma anasema alimwona mumewe akiitazama pembe muda mrefu, mpaka akadhani atatia. Kazi ni hiyo tu aliyonayo, na ana miaka hamsini. Nyumba yao paa linavuja, na mvua ziko karibu. Yeye mwenyewe, Mwanajuma, anakiri moyoni alisema tia, mume wangu, tia twende.

Nassibu akaweka mkono wa kulia mfukoni.

"Modest, mwanangu. Nyinyi mlinikatalia kura kwa sababu sijasoma. Nikanyamaza. Sasa mnataka alama ya mtu huyohuyo ambaye hajasoma, awaandikie kwamba hatasema? Dole langu halikufaa kuchagua, halifai kuapa. Likae hapa mfukoni."

"Basi pembe inabaki."

"Ibaki. Mwezi wa pili nitasimama sokoni bila hiyo. Na Mwanza nitaitaja."

Akatoka. Tangu siku hiyo mji hauna mbiu. Ofisi imemtafuta mtu mwingine wa kuipiga, watatu wameitwa, wote watatu wamesema wana kifua. Vizuri! Wana haki ya kuwa na kifua. Bi Mwanahawa akafa wiki iliyofuata, na Nassibu alikimbia nyumba hadi nyumba kwa miguu kuwaambia watu, jasho linamtiririka, akafikia nyumba tisa, mwili ukawa umeshafikishwa kaburini. Alizika akiwa amepauka vumbi mpaka kope. Huyo ndiye mliyemsema.

Basi maneno yameisha. Jumatatu asubuhi, saa mbili, ofisi inapofunguliwa, njoo. Usije na rungu, usije na matusi, na ukija umelewa rudi kwenu. Uliye Cheyo una mwendo wa dakika chache tu, huna udhuru. Uliye Usoke, gari la Jumapili lipo. Uliye Ziba, anza kutembea Ijumaa, babu zako walikwenda mbali zaidi. Panga foleni mlangoni pa Modest, ingia mmoja mmoja, msalimie vizuri, kisha mwambie: "Nimekuja kuchukua pembe ya Nassibu." Akisema haipo, mwambie ipo, kabatini. Akisema ina namba, mwambie aifute. Akikuambia utoke, toka, rudi mwisho wa foleni, ingia tena.